Zabibu za Kwenye Mawe

Jumatatu, 9 Juni

Mistari mitatu ya mizabibu leo. Imebaki kumi na mmoja. Kiganja cha kulia kina lengelenge na mkasi unataka kunolewa. Nimekata kila tawi hadi likabaki na macho mawili tu ya kuchipua. Mpita njia akiangalia kutoka barabarani atadhani mbuzi wameingia.

Mwaitu, mama wa mume wangu, alikuja na kiti chake akaketi mwisho wa mstari. Huyu mama mkwe wangu amepita miaka themanini na hajawahi kumwonea mtu haya. Alinitazama nikikata matawi yenye majani mabichi, akauliza ni nani aliyenifundisha kuua kitu kilicho hai. Nilimweleza tena. Kule mizabibu ilikotoka kuna baridi kali inayoilaza miezi kadhaa. Hapa Kalamba hakuna baridi ya aina hiyo. Mzabibu ukiachwa utaota majani mwaka mzima na kuzaa ovyo, mbivu na mbichi kwenye kichala kimoja. Kwa hivyo baridi tunaitengeneza wenyewe, kwa mkasi na kwa kiu. Alisikiliza vizuri sana. Kisha akasema bora ndengu, hizi choroko zetu, kwa sababu ndengu hazihitaji hotuba.

Shamba ni lake. Mizabibu ilipoanza kuzaa alinipa mavuno matatu ya kujaribu. Ya kwanza yaliliwa na ukungu. Ya pili mvua ilitutangulia. Haya ni ya tatu. Zabibu zikikataliwa safari hii na mtengeneza divai wa Kwa Vonza, mizabibu inang'olewa na mvua ya Novemba ikute ndengu. Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningebishana naye.

Jumatano, 11 Juni

Nimemaliza mistari ya juu. Mgongo si wangu.

Hii nusu ekari ni mashamba mawili, ingawa hati ni moja. Juu kuna mistari kumi kwenye udongo mwekundu wa kina cha jembe moja, na chini yake mawe meupe matupu. Chini kuna mistari minne karibu na mkondo, kwenye ule udongo mweusi unaong'ang'ania viatu. Nilipoanza nilitaka mizabibu yote iwe chini. Mkamba gani atapanda kitu cha thamani kwenye mawe? Nafasi haikutosha, ndipo mume wangu Kyalo akasema iliyobaki tuisukume huko juu, ikifa ife.

Haikufa. Sasa chini matawi ni manene na marefu, na zabibu zake ni kubwa na hazina ladha. Juu matawi ni membamba, zabibu ndogo, ngozi ngumu, nyeusi tii. Kavata, yule mwanamke wa Kwa Vonza anayetengeneza divai, alizionja mwaka jana kabla mvua haijaziharibu. Alitema mbegu akachuma nyingine. Ndiye aliyenipa tumaini hili ninalohangaika nalo.

Jumapili, 29 Juni

Machipukizi yametoka yote. Mekundu kidogo kwenye ncha. Nimeyahesabu mstari mmoja nikaacha, nikajiona mjinga.

Baada ya ibada Mama Mumo alinisubiri langoni. Yeye ndiye mwenyekiti wa mwethya ya kina mama wa kanisa, na mwethya ndiyo mikono ya kijiji hiki: bila wao huchimbi bwawa, huvuni, huezeki. Aliniuliza kwa upole, kama ni kweli zabibu zangu zinaenda kuwa mvinyo. Nikasema divai. Akauliza tofauti ni gani. Nilifundisha Kiswahili miaka kumi na tisa na tofauti siijui. Mchungaji husema divai kila Jumapili ya Meza ya Bwana, na kinachomiminwa ni juisi ya chupa kutoka dukani. Neno tunalo. Kitu chenyewe ndicho tunachokiogopa.

Mama Mumo ni mtu mzuri. Nilikasirika hata hivyo.

Alhamisi, 17 Julai

Ukungu wa Nzaui hauondoki hadi saa nne. Siku ya tano sasa. Mlima wenyewe hauonekani.

Nilinyunyiza salfa asubuhi, nimevaa koti la Kyalo na leso usoni. Chini majani yamefungana, hewa haipiti, na tayari nimeona unga mweupe kwenye majani matatu. Nimeyachuma nikayachoma. Juu upepo unapita kati ya mistari na majani yamekauka kabla ya saa tano. Sikupanga hivyo. Nilipanda juu kwa kukosa nafasi na upepo ukawepo.

Baridi. Mwaitu amehamia jikoni na mablanketi mawili.

Ijumaa, 8 Agosti

Vichala vimefunga. Punje ndogo, ngumu, kijani.

Ndege wameanza upelelezi. Nimeshona vyandarua vizee vya mbu, vya hapa nyumbani na vya majirani, pamoja na kimoja cha waridi kilichokuwa cha binti yetu Mwende akiwa mtoto. Mwaitu alishona nusu. Macho yake hayaoni uzi lakini vidole vinaona. Alipomaliza aliuliza kama Kavata ameolewa na mtu au ameolewa na mapipa yake. Tulicheka hadi Kyalo, aliyekuja kutoka kazini Emali kwa wikendi, akaja kuuliza kuna nini.

Nilimwambia Kyalo amwombe Mwaitu aongeze mavuno ya mwaka mmoja zaidi, kama akiba. Akasema, "Ongea na Mwaitu." Huyu mume wangu huunga mkono aliyepika mwisho.

Jumamosi, 30 Agosti

Rangi imeanza! Punje moja moja kwenye kichala, zambarau kati ya kijani. Juu kwanza. Chini bado.

Jua limerudi. Mchana linachoma, usiku blanketi. Kavata anasema usiku wa baridi ndio unaopaka rangi, na jua la mchana ndilo linaloweka sukari, na kwamba huku kwetu vyote viwili vinakuja bure mwezi wa tisa. Ila kuna sharti. Zikishaanza kugeuka, maji yakome. Mzabibu ukinyweshwa sasa unajaza punje maji na sukari inapotea humo. Ukiwa na kiu unaacha majani na kuhangaikia tunda.

Nimefunga bomba la tangi. Nimefunga kwa spana, si kwa mkono.

Jumapili, 14 Septemba

Majani ya juu yanalegea saa nane mchana. Yanainuka tena jioni. Kila siku nasema kesho hayatainuka.

Tangi limejaa. Ndilo linaloniua. Nimezaliwa mahali ambapo mtu alitembea kilomita tano kwa mtungi mmoja, na sasa nina tangi limejaa na mimea yenye kiu, na kazi yangu ni kutofanya lolote. Nimekaa jikoni mchana wote nisiyaone.

Mwaitu anayaona. Anapita kila siku na mkongojo wake, anayagusa.

Alhamisi, 18 Septemba

Kwa Vonza. Nimekuja na kikapu cha sampuli na nitalala kwa Kavata siku mbili, anifundishe kutumia kipima sukari atakachoniazima. Ni kijiti cha chuma, unadondosha tone la maji ya zabibu, unachungulia kama darubini. Za juu: digrii kumi na tisa. Za chini: kumi na tano. Anataka ishirini na mbili. Chini ya ishirini na moja hapokei, hata zikitoka kwa mama yake.

Tulitembea shambani kwake. Udongo wa huku ni mchanga mwepesi, unamiminika kati ya vidole. Divai yake ni nyepesi, ina harufu nzuri, rangi ya chai nyekundu ya karkade. Anasema anahitaji kitu cha kuikaza kiunoni, chenye ngozi na uti wa mgongo. Mawe yetu. Hakusema mawe yetu ni bora. Alisema yake na yetu yanahitajiana, na hilo limenifurahisha zaidi.

Alinipa kijiko kimoja nionje. Nilimeza. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 20 Septemba

Mizabibu imenyweshwa.

Nilifika nyumbani saa nane. Ardhi ya chini ya kila shina nyeusi kwa maji, mstari wa kwanza hadi wa kumi na nne. Punda amefungwa kwenye nguzo, mitungi minne mgongoni. Mwaitu ameketi kivulini, miguu imelowa, anaimba wimbo wa kanisani. Alikuwa amenywesha tangu nilipoondoka. Bomba lilimshinda kwa ile spana, kwa hivyo alichota kwa mdomo wa juu wa tangi na sufuria. Siku mbili. Mwanamke wa miaka themanini na ushee.

Alinitazama kwa furaha. "Mama Mwende, ulisahau hii miti. Ilikuwa inakufa na wewe uko na maji."

Nikasema asante Mwaitu. Nikaenda jikoni nikaosha sufuria zilizokuwa safi.

Jumatatu, 22 Septemba

Sikuandika jana. Ningeandika vibaya.

Nimepima. Juu kumi na saba. Chini kumi na mbili, na punje zimeanza kupasuka. Nyuki na nzi kila mahali. Nimelia nyuma ya choo ambako hakuna anayepita.

Kisha nikaenda kumwambia. Niliona ni bora ajue kuliko aendelee kunywesha. Nilimwambia polepole, bila sauti ya juu. Aliweka mkongojo kando. Akaniambia kuhusu ile njaa ambayo watu walikufa na pesa mkononi kwa sababu hakukuwa na chakula cha kununua. Alikuwa na mche wa mchungwa mlangoni, wa kwanza kupandwa Kalamba. Maji yalikuwa ya watoto tu. Alipita karibu na huo mche kila asubuhi na mtungi kichwani, hakuupa hata tone, na ukakauka akiutazama. Tangu hapo hajaweza kupita mmea wenye kiu. Hakusema nimsamehe. Aliniuliza, "Sasa nimeiharibu?"

Nikasema sijui. Ndilo jibu la kweli. Hasira imeisha, na sasa nimebaki na hofu peke yake, ambayo ni nzito zaidi.

Jumamosi, 27 Septemba

Jua kali siku tano mfululizo. Upepo mkavu. Namshukuru Mungu kwa hali ambayo majirani wote wanailalamikia.

Juu: kumi na tisa tena! Nimepima mara tatu, mistari mitatu tofauti. Nikachimba kwa jembe dogo. Kavu hadi kwenye jiwe. Ule udongo haubani maji, yamepita kati ya mawe yakaenda zake. Siku tano tu. Nilikwenda chini nikachimba pia. Kiganja kizima cha tope. Kumi na mbili na nusu, na harufu ya siki.

Nilimwita Mwaitu. Alishika udongo wa juu, akaufungua mkono, ukamwagika wote. Alishika wa chini ukabaki umekunjika kama ugali. Akala zabibu ya chini, akatema. Akala ya juu. Akaitafuna na ngozi na mbegu, akakunja uso.

"Hii ina maneno," akasema.

Jumatano, 8 Oktoba

Ishirini na nusu. Kavata anasema kwa simu nisubiri, siku saba za jua zitatosha.

Mawingu yamejipanga upande wa Nzaui tangu asubuhi. Si ya mvua bado. Kyalo anasema redio imetaja mwisho wa mwezi. Redio haijui Kalamba.

Mistari minne ya chini nimeacha kuipima. Inauma lakini nimeacha.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kumbikumbi wametoka.

Wametoka kwenye kichuguu cha kando ya mstari wa sita, kuku wamechanganyikiwa kwa furaha. Mvua iko karibu. Siku tatu, nne. Ikinyesha kabla sijakata, yatarudi yale ya mwaka jana: punje zinapasuka, ukungu unaingia, basi. Juu ni ishirini na moja kamili. Si ishirini na mbili, lakini anapokea.

Mistari kumi. Mimi na Kyalo tutakata miwili kwa siku, tukijiua. Nahitaji mwethya. Wanawake ishirini, asubuhi moja. Nimempigia Mama Mumo simu. Akasema suala hilo lizungumzwe kanisani kesho, baada ya ibada, kina mama wote wakiwepo. Najua maana ya "suala lizungumzwe": ni hapana.

Jumapili, 12 Oktoba

Naandika yote kama yalivyokuwa.

Baada ya ibada kina mama walibaki. Mama Mumo alieleza. Nikaomba. Mmoja akasema kuna mabinti wanatuangalia. Mwingine akasema kaka yake alikufa kwa pombe. Ni kweli na ni uchungu wake. Nilikuwa tayari kusema nimeelewa na kwenda nyumbani.

Mwaitu akasimama. Ilimchukua muda kusimama. Alisema kwa Kikamba, mbele ya wote, kwamba aliinywesha ile mizabibu siku mkwe wake hayuko, kwamba aliambiwa tangu wakati wa kukata matawi kuwa huachwa na kiu na hakusikia, na ndiyo sababu mavuno yamechelewa hadi mvua imefika. Alisema shamba ni lake na kosa ni lake. Akasema, "Sijaita mwethya tangu nimzike mzee. Leo naita."

Hakuna mtu Kalamba anayeweza kumnyima Mwaitu mwethya. Nusu yao aliwazalisha kwa mikono yake. Wanawake waliangaliana. Mama Mumo akafunga kitabu chake cha nyimbo. "Sisi tutakata matunda," akasema. "Yakifika Kwa Vonza yawe nini, hayo ni maneno ya Kwa Vonza."

Yule aliyefiwa na kaka alisema hatakuja, na Mwaitu akamshika mkono akamwambia ni sawa. Nami nikamwambia ni sawa.

Jumanne, 14 Oktoba

Imekwisha.

Walikuja kumi na saba, na visu vya jikoni, na leso kichwani. Tulianza kabla jua halijatoka, zabibu zikiwa baridi. Niliwaonyesha: shika kichala kwa chini, kata kikonyo, usirushe. Mama Mumo alirusha cha kwanza na nikampigia kelele, na akacheka. Waliimba mstari kwa mstari. Watu wa mwethya hukata haraka kuliko mtu yeyote wa kulipwa, kwa sababu kila mmoja anamchungulia jirani yake.

Mwaitu aliketi kwenye kreti lililopinduliwa akachambua. Iliyopasuka kushoto, nzima kulia. Hakuna aliyemfundisha.

Saa nne mstari wa kumi umeisha. Za chini tulikata pia, kwa heshima, kreti sita za zabibu nono zinazovuja. Niliwapa chai na maharagwe. Mmoja alikula zabibu za juu hadi meno yakawa ya zambarau na wenzake wakamwita mlevi, wakacheka wote, na nikacheka mpaka nikakaa chini.

Pikapu ya kwenda Kwa Vonza iliondoka saa sita. Wingu la kwanza likafunika jua saa nane.

Jumatano, 15 Oktoba

Kavata alipima kila kreti. Ishirini na moja, ishirini na moja na nusu, moja ishirini na mbili. Aliponda punje kidoleni akaitazama rangi kwenye mwanga. Amezipokea zote za juu. Ataziweka kwenye chombo cha peke yake, hatazichanganya mara moja, anataka kujua mawe yanasema nini yakiachwa yaseme.

Za chini amezikataa zote. Alisema samahani mara mbili. Nimezirudisha na kuwapa nguruwe wa jirani.

Nilimweleza Mwaitu jioni, juu na chini. Alisema "Ĩĩ," yaani ndiyo. Akaendelea kutoa mawe kwenye ndengu za mbegu. Kwa hivyo sijui. Sharti lilikuwa zikikataliwa. Nyingine hazikukataliwa na nyingine zimekataliwa, na hatukuwahi kuzungumzia jambo la namna hiyo. Siwezi kumuuliza. Baada ya alichofanya kanisani, kumuuliza ni kumdai.

Mvua imeanza. Inapiga mabati vizuri.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimeng'oa mistari minne ya chini. Mwenyewe, bila kuambiwa. Mizizi ilitoka rahisi, ilikuwa imekaa juu juu kwenye tope, haikuwahi kuhangaika. Niliagana nayo na sikulia.

Ya juu sijaigusa. Majani yanageuka manjano kando.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua ya siku tatu, kisha leo jua. Ardhi nzuri. Tumepanda ndengu.

Mwaitu alichimba mashimo kwa jembe lake fupi, nami nikafuata na mbegu kwenye aproni, tatu kila shimo, nikifukia kwa mguu. Tulianzia kwenye mkondo. Alikuwa na nguvu kuliko wiki zote hizi. Mbegu zilikuwa nyingi, za kutosha shamba lote, na niliziona na moyo ukawa mzito. Nikaendelea kufukia. Udongo mweusi uliisha. Jembe lake liligonga jiwe la kwanza jeupe, hatua chache kabla ya mizabibu ya juu.

Alisimama akapumua. Akakwangua tope kwenye jembe kwa kidole gumba. Kisha akageuka, akaanza mstari mwingine kushuka kurudi mkondoni, na nikamfuata na mbegu.